Afadhali Tano Moja

Mwaka 2021 timu yangu ilicheza mechi 12. Ilifunga pointi 335, ikafungwa 272. Ziada, pointi 63. Mwenye akili timamu akiziona hesabu hizo atasema hawa walishinda mechi nane, au saba kama walikuwa na mkosi. Walishinda tatu. Walipoteza tisa, na katika tisa hizo hakuna hata moja waliyofungwa kwa tofauti ya pointi kumi. Nane, saba, tatu, tatu, saba, tano, tisa, saba, saba. Nilizipanga kwenye karatasi, nikatanguliza sifuri, nikaona zimetimia tarakimu za namba ya simu ya Tanzania. Nikapiga. Namba haipo. Hata hapo tumekosa kidogo.

Hesabu hizo nilimtumia mjomba wangu aliyeko Tanga. Mjomba alikuwa karani wa hesabu bandarini kabla ya kustaafu, na kuhusu mpira wa Kimarekani anachojua ni kwamba wachezaji wanavaa kofia ngumu, na kwamba mimi, mtu mzima mwenye familia, naumwa kwa ajili yao. Alijibu kwa ujumbe wa sauti, taratibu, sauti ile ya mtu aliyekwishavua miwani. "Mwanangu, hapa kuna mtu anakula. Pointi sitini na tatu haziwezi kupotea hivi hivi bila mtu kusaini."

Timu yenyewe ni Nebraska Cornhuskers, vijana wa Chuo Kikuu cha Nebraska, mjini Lincoln, ninakoishi. Jimbo hili halina timu ya kulipwa katika ligi yoyote kubwa ya Marekani. Lina mahindi, lina ng'ombe, na lina vijana hawa. Uwanja wao, Memorial Stadium, unabeba watu 85,000 hivi, na tiketi za kila mechi ya nyumbani zimekuwa zikiisha tangu Novemba 1962. Wakati huo Tanganyika ilikuwa haijatimiza hata mwaka mmoja wa uhuru. Siku ya mechi, ukiondoa Omaha na Lincoln yenyewe, hakuna mji Nebraska wenye watu wengi kuliko waliomo uwanjani.

Na wanavaa nyekundu. Hapo ndipo nilipokamatwa. Mimi ni mtu wa Msimbazi, shabiki wa Simba, tangu tumboni. Nilipofika Lincoln nikakuta Jumamosi asubuhi mji mzima uko kwenye nyekundu, vikongwe, vichanga, mbwa na shela zao, nikajiambia nimefika kwa ndugu. Hakuna aliyenishika mkono kunitahadharisha. Walinionyesha makombe tu: mabingwa wa taifa 1970, 1971, 1994, 1995, 1997. Sikuuliza baada ya 1997 kulitokea nini.

Kwa asiyeujua mchezo, kwa kifupi: unapewa majaribio manne ya kuusogeza mpira yadi kumi. Ukifika mwisho wa uwanja unapata pointi sita, na nafasi ya kuongeza moja kwa mkwaju au mbili kwa kuuingiza tena. Ukikwama njiani unaweza kupiga mkwaju upite kati ya nguzo, ukapata tatu. Dakika ni 60, ila saa yao husimama ovyo, kwa hiyo mechi inakula saa tatu na nusu za maisha yako. Anayefungwa kwa pointi tatu, basi, kafungwa kwa mkwaju mmoja, na kakaa saa tatu na nusu kuusubiri.

Msimu ule wa 2021 ulianza dhidi ya Illinois. Kijana wetu aliudaka mpira pembeni kabisa ya mstari wetu, akabanwa, akababaika, akautupa akiwa ndani ya eneo letu wenyewe. Pointi mbili kwa wapinzani, asante sana. Kwa Oklahoma tulifunga pointi zetu sita vizuri, tukapanga mstari kupiga ule mkwaju wa kuongeza moja. Wakauzuia, wakauokota, wakakimbia nao uwanja mzima hadi upande wetu. Kanuni inasema hiyo ni mbili kwao. Tulikwenda kuchukua moja, tukarudi tumetoa mbili. Mechi ikaisha 23 kwa 16.

Lakini ya Michigan State ndiyo niliyoiweka moyoni. Tunaongoza 20 kwa 13, zimebaki dakika chini ya nne, za lala salama, na wapinzani kipindi chote cha pili hawasogei hata kwa kusukumwa. Mke wangu alikuwa anachambua mchicha mezani, ameipa televisheni mgongo. Mwanetu amekaa chini, amekatazwa kusema neno "tumeshinda" kabla ya saa kusoma sifuri. Kilichobaki ni kuupiga mpira mbali, tuwaachie uwanja mrefu wa kukimbia, twende tukale. Mpango ulikuwa mpira upigwe kulia. Wachezaji wetu wote wakachomoka kwenda kulia, mbio, kwa nidhamu ya kupendeza. Mpira ukaenda kushoto. Kule kushoto alikuwepo mtu mmoja tu, wa Michigan State, naye akaudaka akakimbia yadi 62 bila kuguswa na binadamu.

"Baba," kijana akauliza, "mbona sisi tuko huku?"

Sikuwa na jibu. Muda wa nyongeza tukautupia mpira mikononi mwao, wao wakapiga mkwaju wa pointi tatu, 23 kwa 20. Mke wangu aligeuka kuangalia kilichonyamazisha nyumba, akarudi kwenye mchicha wake. Alikuwa ameng'oa majani yote na kuyatupa, akabaki na vijiti kwenye sufuria. Hakuwa anaangalia mechi, lakini inaonekana mechi ilikuwa inamwangalia yeye.

Jirani yangu, mzee wa Kimarekani aliyelima mahindi maisha yake yote, ana utaratibu. Timu ikishazidiwa kabisa, anazima televisheni, anatoka, anawasha mashine ya kukata nyasi. Mimi niliyekuwa kazini Jumamosi nyingi, nikirudi nilikuwa sihitaji kuuliza matokeo; nasikiliza tu uani kwake. Mashine ikinguruma mapema, tumeshapigwa, yameisha. Sasa, mwaka 2021 nyasi za mzee yule zilifika magotini. Msimu mzima hakuna mechi iliyompa nafasi ya kukata tamaa kabla ya giza kuingia. Watu wa mtaa wakaanza kumsema. Walidhani anaumwa, na kwa namna fulani hawakukosea.

Nyasi zile ndizo zilizonifungua macho kuhusu tofauti ya vipigo. Kipigo kikubwa kina heshima yake. Kinakuja mapema, kinabisha hodi, kinakwambia ukweli, unainuka kwenda kufua. Kipigo kidogo ni fundi cherehani anayekwambia njoo kesho, limebaki kutia vifungo tu. Ukienda kesho, vifungo. Keshokutwa, vifungo. Harusi inapita, nguo iko pale ukutani unaiona kwa macho yako, imekamilika, nzuri, na huwezi kuivaa.

Ushahidi wangu ni wikiendi moja. Jumamosi, Novemba 4, 2023, Nebraska walikuwa na ushindi mechi tano, wanahitaji wa sita tu ili wapate mechi ya heshima ya mwisho wa msimu, ambayo hawakuwa wameionja tangu 2016. Wakaenda kwa Michigan State walewale. Wakafungwa 20 kwa 17. Usiku ule Marekani saa zilirudishwa nyuma, kila raia akapewa saa moja ya ziada ya kulala. Mimi ya kwangu niliitumia nikiwa macho, nauchezesha upya mchezo, na katika marudio yangu tulishinda.

Asubuhi, saa mbili ya Lincoln, ikaanza ya Simba na Yanga pale Uwanja wa Mkapa, Dar es Salaam. Mpaka mapumziko 1-1. Nikaanza kuhisi dalili zangu, kifua, viganja, ile kiu ya ajabu. Nikajua inakuja ile ya dakika ya 90. Haikuja. Kipindi cha pili Yanga wakapiga la pili, la tatu, la nne, na kwa penalti la tano. Tano moja! Unaniuliza nilijisikiaje? Ndugu msomaji, wa Msimbazi wenzangu watanisamehe: lilipoingia la nne mwili ulilegea. Nilipumua hadi chini kabisa. Lilipoingia la tano nilikuwa nimeshasimama, naosha vyombo vya juzi, napiga mluzi. Mke wangu alikuja mlangoni akaniangalia muda mrefu. "Baba, umehamia Yanga?" Nikamwambia sijahamia popote, nimepumzika. Mchana nililala usingizi ambao sijaulala tangu Agosti.

Na hakuna aliyekuja kunihoji kuhusu tano moja. Watani walinitumia vibonzo, nikavicheka, vilikuwa vizuri. Kipigo cha namna hiyo hakina mjadala. Hakuna "laiti". Lakini 20 kwa 17 bado ninaijadili, hata sasa naandika hapa kuna sehemu nataka kurudi kuirekebisha.

Mke wangu yeye aliona mbali. Aliamua zamani kushabikia wavu. Chuo kilekile, rangi ileile, wasichana wa wavu wana makombe ya taifa ya 1995, 2000, 2006, 2015 na 2017, na kufungwa ni habari ya kwenye gazeti. Agosti 30, 2023 walichukua uwanja huohuo wa mpira, wakatandika wavu katikati, wakaja watu 92,003, idadi iliyotangazwa kuwa rekodi ya dunia kwa mchezo wa wanawake, wakashinda seti tatu bila. Mke wangu alikuwepo. Alirudi na bendera, sauti imekauka, anang'aa. Kesho yake, Agosti 31, wanaume wakafungua msimu kwa Minnesota. Tukaongoza 10 kwa 3. Wakasawazisha zikiwa zimebaki dakika mbili na ushei, tukawapa mpira, na saa inakata roho wakapiga mkwaju wa yadi 47 ukapita katikati ya nguzo. 13 kwa 10. Mke wangu akanifunika bendera yake mabegani, akaenda kulala.

Turudi nyuma kidogo, kwa sababu haya yana kocha wake. Scott Frost ni mwana wa Nebraska, ndiye aliyekuwa kotabeki, yule mrusha pasi mkuu, wa kikosi cha ubingwa cha 1997. Aliporudishwa nyumbani kufundisha kuanzia msimu wa 2018, watu wazima walilia. Mechi zake zilizoamuliwa kwa pointi nane au pungufu zilikuwa 27. Alishinda tano. Wataalamu wa takwimu hukwambia mechi za namna hiyo ni kurusha shilingi tu, leo kwako, kesho kwangu. Nilimweleza mjomba nadharia hiyo. Akaniuliza hiyo shilingi ni ya nchi gani, yenye mwenge pande zote mbili.

Msimu wake wa mwisho ulifunguliwa Dublin, Ireland, Agosti 27, 2022, dhidi ya Northwestern. Robo ya tatu tunaongoza 28 kwa 17. Ukiongoza hivyo, baada ya kufunga unaupiga mpira mbali, wapinzani waanzie kwao. Sisi tukapiga mkwaju mfupi wa kubahatisha, tuuwahi wenyewe, tuwamalize kabisa. Hatukuuwahi. Wakauchukua karibu, wakafunga, wakafunga tena, 31 kwa 28. Mwenzangu mmoja kazini alikuwa ameuza pikipiki ili aende. Siku ile mtandao wa malipo uwanjani ulikatika, wakaamua kugawa vyakula na bia bure. Alirudi anasema ndicho kipigo bora alichowahi kuhudhuria, ila kuanzia robo ya tatu hakumbuki vizuri, na anamshukuru Mungu.

Wiki mbili baadaye Georgia Southern wakaja Lincoln wakatufunga 45 kwa 42. Kabla ya siku hiyo, Nebraska ikifikisha pointi 35 nyumbani ilikuwa haijawahi kupoteza: mechi 214, ushindi 214. Kesho yake kocha akafukuzwa. Mkataba ulitaka alipwe dola milioni 15. Wangesubiri hadi Oktoba mosi, ingeshuka hadi milioni saba na nusu. Hapa mjomba alinipigia mwenyewe, bila kusubiri salamu.

"Wamelipa milioni saba na nusu ili wasisubiri wiki tatu?"

"Ndiyo, mjomba."

"Wiki tatu zina mechi ngapi?"

Nikamwambia, mbili. Ukimya. Nikasikia kalamu. "Basi hapo," akasema, "kwa mara ya kwanza, naona mtu aliyepiga hesabu."

Mjomba ni mtu wa Coastal Union, ile iliyochukua ubingwa wa Bara mwaka 1988, na ana imani moja kubwa maishani: sare. Sare kwake ni chakula. Sare ya ugenini ni ushindi, na asiyeridhika na sare ya ugenini hakulelewa vizuri. Kwa hiyo kosa langu lilikuwa kumsimulia ya Januari 2, 1984.

Nebraska ya kocha Tom Osborne ilikuwa imeshinda mechi zote 12, namba moja nchini, inacheza mechi ya Orange Bowl dhidi ya Miami, Miami kwenyewe. Robo ya nne wako nyuma 31 kwa 17. Wakapunguza. Zikiwa zimebaki sekunde 48 wakafunga tena: 31 kwa 30. Miaka hiyo vyuo havikuwa na muda wa nyongeza. Mkwaju mmoja wa pointi moja, mpira unakwisha 31 kwa 31, na karibu kila mtu anakubali ubingwa ungekuwa wao. Osborne akakataa. Akaenda kutafuta mbili, ashinde moja kwa moja. Pasi ikapigwa, mkono wa mtu wa Miami ukaigusa, ikaanguka chini. Ubingwa ukaenda kwa Miami. Hapa Nebraska wanaisimulia kwa fahari. Kocha wetu hakuja kuomba sare, wanasema, na macho yanawatoka machozi.

Nilifika mwisho wa hadithi. Simu ikawa kimya nikadhani salio limekwisha.

"Ugenini?" mjomba akauliza.

"Ugenini."

"Na sare inampa ubingwa?"

"Ndiyo."

"Halafu wakamfanya nini?"

Nikamwambia wakamwacha afundishe hadi 1997, akawaletea makombe matatu, kisha wakamchagua akawawakilishe bungeni Washington. Mjomba alikata simu. Alinipigia siku nyingine akasema amefikiri, ameelewa: hawa hawafungwi kwa bahati mbaya, wamekataa sare mbele ya watu, na sare nayo ina moyo, imewasusia. Tangu 1996 mpira wa vyuo umefuta sare kabisa, lazima mmoja apigwe. Mjomba anaona ni adhabu ya Nebraska iliyowakumba na wasiohusika.

Sikuwa na la kumjibu, hasa ukiangalia Iowa.

Iowa ni jirani, mto tu ndio umetugawa, na tunacheza nao kila mwaka siku inayofuata Sikukuu ya Shukrani, Ijumaa, tumbo bado limejaa bata mzinga wa jana. Mwaka 2018, mkwaju wa sekunde za mwisho, 31 kwa 28. Mwaka 2019, mkwaju wa sekunde za mwisho, 27 kwa 24, na mpigaji akageuka akalirushia mabusu benchi letu. Mwaka 2021 tuliongoza 21 kwa 6, tukafungwa 28 kwa 21. Mwaka 2023, hapahapa Lincoln, 10 kwa 10, sekunde zinahesabika, tukawarushia mpira wenyewe, wakapiga mkwaju wa yadi 38. 13 kwa 10.

Kwa hiyo mwaka 2024 nilipopata kadi ya harusi ya vijana wa Kikongo, Ijumaa ileile, Novemba 29, niliipokea kwa mikono miwili. Kadi ilisema saa kumi na mbili jioni, mechi inaanza saa kumi na mbili na nusu. Nisingeona kitu. Mwanamke wa wavu akaninyooshea tai, tukaenda.

Lakini harusi zetu ni harusi zetu. Saa mbili usiku ukumbi una viti, spika na sisi. Saa tatu muziki umepimwa, umepimwa tena. Maharusi wako njiani, wanapiga picha. Meza yangu ilikuwa ya nyuma, mimi, Mrundi mmoja anayeendesha malori, na Wakongo wawili wa upande wa bwana harusi, na katikati ya meza ua kubwa la plastiki. Sijui nani alianza. Nilichoona ni simu imeegemezwa kwenye chupa ya Fanta, nyuma ya ua, sauti imezimwa. Mapumziko tulikuwa tunaongoza 10 kwa 0. Nikavuta kiti karibu. Wakasawazisha 10 kwa 10. Mmoja wa Wakongo akatikisa kichwa, akasema kwa upole, "Bale batoto banapendaka kupoteza." Hakuna aliyembishia.

Kuelekea saa nne usiku mshereheshaji akaamuru wote tusimame, maharusi wamefika. Taa zikapunguzwa. Milango ikafunguliwa, ngoma ikaanza, bibi harusi akatokea amependeza kupita maelezo. Na nyuma ya ua, kotabeki wetu akapigwa mwereka, mpira ukamtoka, Iowa wakauangukia. Wakapanga mkwaju wa yadi 53. Sekunde ya mwisho. Watu wote wamesimama wanapiga vigelegele, sisi wanne tumesimama tumeinamisha vichwa kwenye Fanta. Ukapita katikati.

Sauti tuliyoitoa haikuwa ya harusini. Ilikuwa moja, ndefu, ya msiba, na kwa bahati ya pekee ngoma ilikuwa imenyamaza kumpisha bibi harusi apige hatua ya kwanza. Ukumbi mzima ukageuka. Shangazi yake akaja moja kwa moja mezani kwetu, mkono kiunoni. "Ninyi muko na shida gani na bibi harusi wetu?" Mrundi akafungua mdomo, akaufunga. Mshereheshaji, Mungu amzidishie, akadaka kipaza sauti: "Wale ni wajomba! Wameguswa!" Ukumbi ukapiga makofi. Ikabidi tuguswe kweli, tukapelekwa mbele kutunza, na dola zangu 20 nilizoweka za mafuta zikaenda kwenye paji la uso la bwana harusi.

Matokeo nilimtumia mjomba usiku uleule: Iowa 13, sisi 10.

"Hii ulishaniletea mwaka jana," akajibu.

"Hapana mjomba, hii ni ya leo."

Alikaa muda. "Mwanangu," akasema, "huu ni mwandiko uleule. Mtu kanakili."

Hata hivyo mwaka ule walikuwa wamefikisha ushindi wa sita, wakapelekwa New York, Yankee Stadium, Desemba 28, kucheza na Boston College. Tukaongoza 20 kwa 2. Nikasikia, kwa masikio yangu, mashine ya jirani inawashwa gerejini, katika baridi ya Desemba ambapo nyasi zote zimekufa. Nadhani alikuwa anaifanyia majaribio tu, tayari kwa lolote. Ikawa 20 kwa 8. Ikawa 20 kwa 15. Kijana akahamia kiti cha mama yake, mama yake akahamia jikoni, mimi nikasimama nyuma ya mlango nikichungulia kwa jicho moja. Saa ikasoma sifuri.

Hakuna aliyejua la kufanya. Kijana aliniangalia, mimi nikamwangalia mama yake.

"Si mmeshinda?" mke wangu akasema. "Kaeni basi, wali unapoa."

Nikamwambia watangulie. Nilibaki pale mpaka wakaingia matangazo, wakatoka matangazo, ikaanza programu ya mapishi, na hata hapo niliiacha televisheni inawaka, kwa sababu waamuzi hawa wana marudio ya video, na mtu akitafuta kosa halikosi.